Mwanga Ukichoma, Nani Anajibu? Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya wa Kaunti ya Kilifi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi,
Kwa Mwenyekiti na wanachama wa kamati inayosimamia afya katika Bunge la Kaunti ya Kilifi.

Nakala kwa: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), Bodi ya Famasia na Sumu (PPB), wenye saluni na vyumba vya urembo wa ngozi, kutoka Mtwapa hadi Mambrui.

KUH: MASHINE ZA MWANGA ZA KUTIBU NGOZI, NA WALIOHARIBIWA NA JUA AMBAO HAWATIBIWI



Nawaandikia mbele ya watu wote kwa sababu jambo lenyewe linauzwa mbele ya watu wote. Matangazo yanatufuata hadi kwenye simu: madoa ya jua yataondoka, rangi ya uso itasawazishwa, ngozi itarudi ujanani, na yote hayo kwa mwanga tu, bila kisu wala sindano. Anayetangaziwa ni mama muuza samaki, kijana wa bodaboda, mhudumu wa hoteli, bibi harusi aliyebakiwa na wiki mbili. Wanaambiwa dawa ya moto ni moto: jua ndilo lililokuharibu, basi mwanga ndio utakaokutengeneza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Malindi. Si daktari, na sidai kwamba mwanga hautibu. Unatibu, na ndiyo sababu naandika. Chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru. Kwa hiyo ombi langu lote ni moja, mengine ni matawi yake: mwanga unaopigwa kwenye ngozi ya mtu uhesabiwe kuwa dawa, na anayeupiga awajibike kama awajibikavyo anayedunga sindano. Nitaeleza malalamiko kwanza, kisha maombi.

MALALAMIKO YETU

1. Mashine inayouzwa sana haikubuniwa kwa ngozi ya wengi wetu.

Mashine hiyo ni ya IPL. Wengi huiita leza, lakini si leza. Leza hutoa mwanga wa wimbi moja. IPL ina taa ya gesi ya zenoni inayotoa mwako wa ghafla, wa sehemu chache tu za elfu za sekunde, wenye mawimbi mengi kwa pamoja, kuanzia takriban nanomita 500 hadi 1,200. Vichujio huzuia baadhi yake, na yaliyobaki huingia ngozini. Huko melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi yetu, huyanyonya. Mwanga hugeuka joto, na joto huunguza doa. Nadharia ya kuunguza kilicholengwa na kuacha cha jirani ilitolewa na Rox Anderson na John Parrish wa Marekani mwaka 1983, na mashine ya kwanza ya IPL iliruhusiwa kuuzwa huko mwaka 1995.

Tazameni sharti lililomo humo. Ili doa liungue na pembeni pasalimike, doa lazima liwe jeusi na pembeni pawe peupe. Kwenye uso wa Mzungu mwenye madoa ya jua, sharti hilo linatimia. Kwenye uso wa Mgiriama, Mbajuni au Mswahili wa Shela ya Malindi, ngozi yote ina melanini ya kutosha. Mwanga hauna namna ya kujua lipi ni doa na lipi ni shavu. Hunyonywa juujuu, joto hujaa kwenye tabaka la nje, na mtu huamka na malengelenge, kisha alama za mstatili, kipimo kilekile cha kioo cha mashine.

Haya si siri ya maabara. Madaktari wa ngozi hugawa ngozi za watu katika makundi sita kwa mpango ulioanzishwa na Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975. Alianza kuupanga kwa lengo hilihili: kujua kila ngozi ivumilie mwanga kiasi gani wakati wa tiba. Mwanzo yalikuwa makundi manne ya Wazungu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa la tano na la sita. Huko ndiko tuliko wengi wetu, na huko ndiko madaktari huiepuka IPL. Wakilazimika kutumia mwanga, huchagua leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064, ambayo hupenya chini zaidi na kunyonywa kidogo na melanini, na hata hiyo huitumia kwa hadhari. Mteja wa saluni haelezwi lolote kati ya hayo. Anaelezwa bei.

2. Tiba hii mara nyingi huzidisha ugonjwa ulioletwa kutibiwa.

Ngozi nyeusi ikiunguzwa hata kidogo hujitetea kwa kutoa rangi zaidi. Aliyekwenda kuondoa doa moja hurudi na mawili. Wenye asili ya kuota keloidi hubaki na kovu lililovimba, ambalo halitoki kwa krimu yoyote.

Mbaya zaidi ni mabaka ya kahawia ya mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, ambayo madaktari huyaita melasma. Huwapata wanawake zaidi, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia baadhi ya dawa za kupanga uzazi. Mabaka haya huchochewa na jua, na huchochewa pia na joto na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Mtu akipigwa mwako wa joto usoni ili kuyaondoa, anaweza kung'aa kwa wiki chache, akafurahi, akapiga picha, kisha mabaka yakarudi yakiwa meusi kuliko mwanzo. Picha ya wiki ya pili ndiyo inayowekwa kwenye tangazo. Ya mwezi wa sita haionekani popote.

Binti wa dada yangu ni mmoja wao. Alipigwa mwanga mashavuni katika chumba kimoja cha urembo ambacho sitakitaja. Hakuulizwa anatumia dawa gani. Hakujaribiwa sehemu ndogo nyuma ya sikio ili ionekane ngozi itajibu vipi. Malengelenge yalipopona, zilibaki alama za mstatili, nyeusi kuliko mabaka aliyokwenda kuyaondoa. Alipodai maelezo, aliambiwa kosa ni lake, alikaa juani. Waheshimiwa, anaishi Malindi. Huku nani asiyekaa juani?

3. Maswali ya lazima hayaulizwi, na Pwani yetu ina maswali yake.

La kwanza ni jua lenyewe. Hata Mzungu aliyebabuliwa na jua ufuoni hafai kupigwa IPL mpaka rangi hiyo ipungue, kwa kuwa ngozi yake kwa wakati huo imeongezeka melanini. Ulaya husubiri majira ya baridi. Sisi tutasubiri nini? Malindi iko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kipimo cha mionzi ya jua saa sita mchana hufika 11 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia. Mawingu ya kusi hayatuokoi, kwani shirika hilo linasema hadi asilimia 80 ya mionzi hupenya mawingu mepesi. Mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya mionzi hiyo usoni, na povu la bahari takriban asilimia 25. Kwa hiyo mteja wa Watamu au Kilifi mjini hutoka chumbani na ngozi iliyojeruhiwa, akaingia papo hapo kwenye jua la kuimaliza.

La pili ni dawa. Doksisaiklini hutumiwa kutibu chunusi, na watalii wengi huimeza kujikinga na malaria wanapokuja Pwani. Ni dawa inayofanya ngozi iumizwe na mwanga kwa urahisi. Anayepiga mwanga bila kuuliza mteja amemeza nini anacheza kamari na uso wa mtu.

La tatu ni mkorogo. Wengi wanaokimbilia mwanga walishaharibiwa na krimu za kujichubua: zenye steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka dunia nzima iachane na vipodozi vya zebaki. Hata hivyo, marufuku ya karatasi haizuii kopo kupita chini ya meza. Ngozi iliyokonda kwa mkorogo haina kinga. Ukiipiga mwako wa IPL unapiga kidonda. Kuna mahali mteja huuziwa vyote viwili kwa mkono mmoja: krimu ya kumharibu na mwanga wa kumtengeneza.

La nne ndilo linalonitisha. Si kila doa ni la urembo. Bob Marley, ambaye nyimbo zake hazikosi kusikika kwenye fukwe zetu, alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa watu weusi saratani ya aina hiyo hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mtu asiyefunzwa kuitambua akilipiga mwanga doa la hatari, rangi yake hufifia na ugonjwa hubaki ndani ukienea. Daktari atakayelitafuta baadaye hatakuwa na alama ya kumwongoza.

4. Tunajua kuuheshimu mwanga, ila tumechagua pa kuuheshimu.

Mwanga ni dawa tangu zamani. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kutumia mwanga kutibu kifua kikuu cha ngozi. Mbalanga na baadhi ya maradhi mengine ya ngozi hutibiwa kwa mwanga maalumu wa nanomita 311, kwa dozi inayopandishwa hatua kwa hatua.

Hapa Kenya mfano ni wa kila siku. Mtoto mchanga akigeuka manjano, hulazwa chini ya taa za buluu. Kabla ya hapo hupimwa bilirubini, na kipimo hulinganishwa na jedwali la umri wake katika mwongozo wa taifa wa matibabu ya watoto. Macho yake hufunikwa. Saa za kuanza na kumaliza huandikwa. Muuguzi anayemhudumia ana jina, cheti na mkubwa wake wa kazi. Na taa hizo za buluu haziunguzi.

Sasa mlinganishe mtoto huyo na mama yake. Baada ya miezi kadhaa mama anakwenda kutibiwa mabaka ya ujauzito katika chumba kilicho juu ya duka. Huko anapigwa mwako wenye nguvu ya kuunguza ngozi, na mtu ambaye mafunzo yake hatuyajui, kwa mashine iliyonunuliwa mtandaoni, pengine bila miwani ya kukinga macho yake. Mwanga mpole una daftari, mwanga mkali hauna. Nani atatueleza mantiki ya jambo hilo?

5. Walioharibiwa na jua kwelikweli hawamo kwenye matangazo.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Wanaoishi katika kaunti hii wanakaa chini ya jua lilelile nililolieleza, bila melanini ya kuwakinga. Kwao madhara ya jua si doa la kuudhi kwenye kioo. Ni magamba makavu kwenye masikio, midomo, shingo na mikono, ambayo yasipotibiwa mapema huweza kugeuka saratani. Saratani hiyo huua watu ambao hawakupaswa kufa, kwa sababu ilionekana tangu ikiwa ndogo na haikushughulikiwa.

Tiba ipo. Magamba hayo hugandishwa kwa nitrojeni ya majimaji, kazi ya dakika chache. Yapo ya kupakwa krimu ya fluorourasili. Na ipo tiba ya mwanga iliyo halali kabisa: mgonjwa hupakwa dawa inayoingia kwenye seli zilizoharibika, kisha seli hizo humulikwa na kufa. Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa magamba ya jua mwaka 1999. Kwa hiyo mwanga wa kutibu madhara ya jua si ndoto. Ila soko linaupeleka kwa mwenye pesa asiyeuhitaji, na ngozi yake haiwezi kuustahimili, huku mwenye kuuhitaji akiambiwa avae kofia.

Na si wao peke yao. Wapo vijana wa matimbo wanaokata mawe meupe tangu alfajiri, na jua likiwapiga kutoka juu na kutoka kwenye jiwe. Wapo wafanyakazi wa chumvi wa Gongoni na Marereni, wakata mkonge wa Vipingo, wavuvi wetu wenye kinyama kinachoota juu ya mboni, ugonjwa wa macho unaohusishwa na jua. Hakuna anayewapimia jua kazini. Wakizeeka ngozi na macho, ndipo wanapokuwa wateja.

6. Sheria ya kuanzia ipo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Jedwali la Nne limezipa kaunti huduma za afya na vibali vya biashara kwa pamoja. Maana yake, anayetoa kibali cha saluni na anayempokea majeruhi wa saluni hospitalini ni serikali moja. Kibali cha kusuka nywele na kusafisha kucha hakimfanyi mtu kuwa tabibu, na afisa anayekagua choo na maji ya saluni anaweza pia kuuliza mashine iliyo kwenye kona ni ya nini.

Msiniambie kwamba hili ni la Nairobi. Mitaa ya London, kwa sheria ya mwaka 1991, hudai kibali maalumu kwa anayetoa huduma za leza na za mwanga kwa ajili ya urembo. Mabaraza ya mitaa ndiyo yanayokagua. Kama baraza la mtaa linaweza, kaunti inaweza. Na msiniambie tusubiri maafa. Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, ndipo kliniki ikafungwa. Sisi tunaomba milango ikaguliwe watu wakiwa hai.

MAOMBI YETU

1. Mtengeneze daftari la mashine zote za mwanga na leza zinazotumika kwenye ngozi katika kaunti, kutoka Mtwapa hadi Marereni, Rabai, Kaloleni na Ganze zikiwamo. Liandikwe jina la kituo, aina ya mashine, na jina la anayeitumia. Libandikwe kwenye kila hospitali ya kaunti na liwekwe mtandaoni, ili mtu aangalie kabla hajalipa.

2. Kibali cha biashara kisitolewe wala kufanywa upya kwa nyumba yenye mashine hizo mpaka ioneshe mambo matatu: daktari aliyesajiliwa na KMPDC anayebeba dhamana kwa jina lake, ushahidi kwamba mashine inakubalika kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na cheti cha mafunzo cha anayeshika mashine. Kikikosekana kimoja, mashine izimwe. Saluni iendelee kusuka.

3. Muweke masharti ya chini kabisa kwa kila mteja. Kundi la ngozi yake liandikwe. Aulizwe dawa, ujauzito, keloidi na krimu alizopaka. Doa la mashaka lionwe na daktari kwanza. Ajaribiwe sehemu ndogo, kisha asubiri wiki kadhaa kabla ya uso mzima. Mteja na mhudumu wote wavae miwani. Nguvu ya mwako iandikwe, na mteja apewe nakala yake.

4. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Asiyesoma asomewe, kwa Kigiriama ikibidi. Fomu iseme waziwazi, kwa herufi kubwa, kwamba ngozi nyeusi inaweza kuungua na kubaki na alama za kudumu. Bila mstari huo, sahihi ya mteja haina maana.

5. Idara za dharura katika hospitali za kaunti zifungue ukurasa wa majeraha ya urembo: kuungua kwa mwanga, kwa leza, kwa krimu. Idadi itangazwe kila baada ya miezi mitatu, bila majina ya wagonjwa. Leo kila aliyechomwa anadhani ni yeye peke yake, naye huona haya kusema. Idadi ikijulikana, haya itahamia kwa aliyechoma.

6. Muanzishe kliniki ya ngozi inayozunguka kwa watu wenye ualbino, angalau mara moja kila miezi mitatu katika kila kaunti ndogo, ikiwa na nitrojeni ya kugandishia, mafuta ya kukinga jua na rufaa iliyo tayari kwa wenye vidonda vya mashaka. Tarehe zijulikane mapema. Mafuta ya jua yasikatike: mtu asiye na melanini akiyakosa mwezi mmoja, ngozi yake haiwezi kungoja bajeti ijayo. Majirani zetu wa Moshi, Tanzania, wameonyesha kwamba mafuta hayo yanaweza kutengenezwa huku kwetu. Hospitali ya KCMC ndiko yalikoanzia mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino.

7. Mpeleke maafisa wa kliniki wa kaunti kusomea ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi kimekuwa kikifundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Safari ya kutoka Kilifi hadi Moshi si ya ndege. Maafisa wawili wakirudi, mmoja akakaa Malindi na mwingine Kilifi mjini, wengi hawatahitaji kumtafuta daktari wa ngozi Mombasa au Nairobi kwa doa ambalo lingeamuliwa hapahapa.

8. Waajiri wa kazi za juani, katika matimbo, chumvi na mkonge, watakiwe kutoa kofia pana, kivuli cha mapumziko na maji, na kazi nzito ipangwe asubuhi na jioni. Jua likizuiwa kazini, chumba cha mwanga kitakosa wateja.

9. Msako wa krimu za zebaki na haidrokwinoni uwe wa kudumu, ukianzia kwa muuzaji wa jumla, usiishie kwa mama mwenye kibanda.

KWENU WENYE VYUMBA VYA UREMBO

Nanyi ndugu zangu na dada zangu, barua hii si ya kuwafungia riziki. Wengi wenu mmeajiri vijana wetu, na wapo wenye moyo wa kujifunza. Nawaomba mambo matatu, na hayahitaji sheria. Acheni kupiga IPL kwenye ngozi nyeusi. Si fedheha kumwambia mteja kwamba mashine yako haimfai. Mwenye melasma mpeni ushauri ambao ni wa kweli ingawa hauna faida kubwa: mafuta ya kukinga jua yenye rangi, yaliyo na oksidi ya chuma, kwa kuwa hayo huzuia hata mwanga unaoonekana, kofia au buibui inayotia kivuli usoni, na subira ya miezi. Na mkimchoma mtu, msimlaumu kwa kukaa juani. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mseme mlitumia nguvu kiasi gani.

Kwa wasomaji wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Tukiona uso uliong'aa tunasifu bila kuuliza. Tukiona doa tunacheka. Bibi harusi hukimbilia mashine kwa sababu anajua tutakavyomtazama ukumbini. Tukiendelea kununua, na wao wataendelea kuuza.

TUNACHOTAKA KIFANYIKE SASA

Waheshimiwa, gharama ya kunyamaza inalipwa na watu wawili. Mmoja ni yule aliyechomwa uso, anayejificha nyumbani, anayeacha kazi ya kukutana na watu, na ambaye hospitali ya kaunti itamtibu kwa fedha za umma. Wa pili ni mtoto mwenye ualbino wa Ganze au Magarini ambaye leo ana gamba dogo kwenye sikio. Lingeweza kugandishwa kwa dakika chache. Likiachwa, baada ya miaka tutachanga fedha za upasuaji, na michango mingine huja imechelewa. Wa kwanza amepata mwanga mwingi usio na msimamizi. Wa pili hajapata tiba yoyote. Mamlaka ya kurekebisha yote mawili yako kwenye meza zenu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likieleza ombi kwa ombi: lipi mmelikubali, litaanza lini, ofisi gani itawajibika, na lipi mmelikataa kwa sababu gani. Ombi la kwanza, la daftari la mashine, halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Linahitaji maafisa wa afya ya umma, kalamu na wiki chache za kutembea. Tunatarajia lianze kabla ya mengine yote.

Siku hizo zikipita bila jibu, mimi na wenzangu tutaliwasilisha jambo hili rasmi katika Bunge la Kaunti kama maombi ya wananchi, haki tuliyopewa na kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Tutakwenda na waliochomwa walio tayari kusema, na tutakwenda na familia za watu wenye ualbino. Tungependa zaidi kuitwa kikaoni nanyi tukiwa tayari kusaidia kuliko kusimama mlangoni tukidai.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba yake na majirani waliokubaliana naye,
Malindi, Kaunti ya Kilifi